Mizani ya Kununulia

Mara ya kwanza nilipoambiwa kwamba tatizo la gari ni mikono yangu, nilikuwa bado nimevaa helmeti. Nilikuwa nimekaa ndani, mkanda umenibana kifua, vumbi jekundu linaingia dirishani, na rafiki wa mume wangu ameinama mlangoni akinionea huruma. Alikuwa ameweka mkono juu ya paa kana kwamba gari ni lake. "Shemeji," alisema, "gari tumelipima. Kwenye mizani liko sawa kabisa. Labda ni mikono." Nyuma yake walisimama watu kama thelathini, madereva wenzangu na mafundi wao na jamaa zao, na wote walisikia. Wawili walicheka. Mmoja alinipa maji ya kunywa, na hayo maji ndiyo yaliyoniuma zaidi.

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Nimejaribu kuzisubiri zipoe nikaona hazina mpango huo.

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, na umri wake unakaribia wangu. Mume wangu ni fundi wa mitambo mizito mgodini. Huenda kazini wiki mbili, hurudi nyumbani Nyahanga wiki moja, na ile wiki yake ya kupumzika huimalizia chini ya hilo gari, bandani, akiwa mchafu na mwenye furaha. Yeye anafungua na kufunga, mimi naendesha. Hatukupanga iwe hivyo. Siku ya kwanza tulipolipeleka uwanjani, ule uwanja wa udongo uliochongwa kwa greda upande wa Geita, yeye alizunguka mara tatu akashuka kutapika. Mimi nilizunguka mara kumi nikashuka nina njaa. Tangu siku hiyo siti ni yangu, na sikumwomba mtu.

Mwaka huu tulilifungia shokapu mpya, zile ambazo springi zake zinakaa juu ya pete yenye nyuzi kama za bolti. Ukiikaza pete, pembe ile ya gari inainuka, ukiilegeza, inashuka. Ni kitu kizuri, lakini kina kazi yake. Fikiria meza yenye miguu minne ambayo mmoja ni mrefu kidogo. Mguu huo na ule wa mkabala wake, kwa kukatisha, ndiyo inayobeba mzigo, na ile miwili mingine inagusa tu. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kwa macho limesimama vizuri, kumbe tairi mbili zimeelemewa na mbili zinadanganya. Ukifika kwenye kona, kushoto linafanya hivi, kulia linafanya vile, na wewe dereva huelewi umekosea wapi. Dawa yake ni kuweka mizani chini ya kila tairi, dereva akiwa ndani, kisha kukaza na kulegeza pete mpaka mzigo wa kukatisha huku ulingane na wa kukatisha kule.

Wenye uwezo wana mizani zao nyembamba za umeme, nne, zinasomwa kwenye kioo kimoja. Sisi hatuna. Ndipo rafiki wa mume wangu akajitolea. Yeye anashika funguo za ghala la mnunuzi mmoja wa pamba, na msimu ukishapita zile mizani za rula zinalala tu humo ndani zikisubiri mwaka mwingine. Unazijua: bamba la chuma chini, nguzo, na juu yake rula ya chuma yenye jiwe la kusogeza. Akaleta nne kwenye pikapu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilimpikia wali na samaki wa sato. Nataka hilo lijulikane.

Kazi tuliifanya Jumamosi, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Tulisawazisha sakafu kwa mpira wa maji, ule wanaoutumia mafundi ujenzi, tukalipandisha gari kwa jeki juu ya mabamba manne, na mimi nikaingia ndani. Nikaambiwa nikae, nishike usukani, nisitikisike. Rafiki alikuwa anapita tairi kwa tairi akisogeza jiwe na kuita namba kwa sauti ya karani, ile sauti ya haraka isiyotaka swali, na mume wangu anaziandika ukutani kwa chaki. Mara mbili nilitaka kushuka nikaone mwenyewe. "Ukishuka uzito unabadilika, shemeji. Wewe tulia. Leo wewe ni mzigo." Tukacheka wote watatu. Alikuwa sahihi, ndiyo maana sikubishana. Dereva akishuka, kilichopimwa si kitu tena. Kwa hiyo mtu pekee asiyeweza kusoma uzito wa gari lake ni yule atakayeliendesha.

Tairi la mbele kushoto ndilo lililowasumbua. Kila wakipima, linakuja jepesi. Mume wangu akakaza pete ya kushoto mbele, wakapima, bado jepesi, akakaza tena. Mwishowe namba za ukutani zikalingana, kukatisha huku kilo mia nne thelathini na kukatisha kule mia nne thelathini. Mume wangu akapiga mstari chini yake kwa chaki, akanitazama kwa kioo cha mbele akitabasamu kama mtoto.

Wiki iliyofuata tukaenda uwanjani, na gari lile nililolizoea likawa jingine. Kona ya kulia, nazungusha usukani, pua inakataa, gari linataka kwenda moja kwa moja porini. Kona ya kushoto, mkia unatoka. Nikikanyaga breki, tairi la mbele kulia linafunga kabla ya wenzake na gari zima linavutwa kushoto. Nilijaribu kukata kona mapema, nikajaribu kuchelewa, nikajaribu taratibu kama nampeleka bibi harusi. Mzunguko wa sita nilizungushwa nikasimama nikitazama nilikotoka. Ndipo akaja kuinama mlangoni na huruma yake.

Naye akajaribu. Hilo silisahau. Alikaa kwenye siti yangu, akazunguka, na kwenye kona ileile ya kushoto mkia ukamtoka vilevile, akazama kwenye majani mpaka usawa wa vioo. Aliposhuka alisema matairi yalikuwa hayajapata moto. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yeye ni matairi, mimi ni mikono.

Nilimtazama mume wangu nikisubiri aseme neno. Anajua ninavyoendesha kuliko mtu yeyote. Alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la mbele, analigusagusa. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema, tena huku ananawa mikono, bila kunitazama. Mashindano ni mwisho wa mwezi, gari limetuchosha, namba zinasema liko sawa, basi safari hii aendeshe rafiki yake, "mara moja tu, tuone." Mara moja tu. Nilimwambia chakula kiko mezani. Nisingeweza kusema jambo jingine bila kupasua kitu.

Sasa nieleze habari za mama yangu, maana bila yeye ningekuwa hadi leo nimekaa pembeni nashangilia.

Mama alilima pamba miaka yote ya utoto wangu, kijijini upande wa Shinyanga. Kituo cha kununulia kilikuwa na kamba. Wakulima upande huu wa kamba, mizani na karani upande ule. Unaleta gunia lako, vibarua wanalipandisha kwenye bamba, karani anasogeza jiwe, anaita namba, anaandika. Kuisogelea rula hakuruhusiwi. Ukinyoosha shingo unaulizwa kama unamwita mtu mwizi. Mwaka mmoja mama alinipeleka zahanati nina homa, na muuguzi alipomaliza kunipima mimi, mama akaomba naye apimwe. Kilo sitini na moja. Mchana wa siku ileile akaenda kituoni, akamwamkia karani, na kabla gunia halijapandishwa akavuka kamba akapanda yeye kwenye bamba, akacheka, akasema, "Na mimi nipime, karani, nione nimenenepa?" Karani akaona utani. Akasogeza jiwe, akaita kwa sauti ile yao: "Hamsini na saba!" Mama akashuka. Hakucheka tena. Akageuka kwa watu akawaambia asubuhi ya leo alikuwa na sitini na moja.

Uliitishwa mkutano. Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika upindo wa kitenge chake. Viongozi walisema mizani ya zahanati ndiyo mbovu, ile ni ya kupimia watoto na wagonjwa, itajua nini. Walisema macho yake, walisema chuki zake, walisema mwanamke akikosa mume wa kumtuliza ndivyo anavyokuwa. Kisha wakamtaka aombe radhi. Mama yangu alipiga magoti mbele ya kijiji kizima akamwomba radhi karani. Magoti kwetu ni heshima, tunapiga kuwaamkia wakubwa wetu, na nilikuwa nimemwona akipiga magoti maisha yangu yote. Yale ya siku ile yalikuwa mengine, na hata mtoto aliyaona.

Namba za ukutani zilikuwa bado pale bandani, na mizani nazo zilikuwa pale, zimesukumwa pembeni zikisubiri kurudishwa. Mume wangu alikuwa amesharudi kazini. Nilikuwa nafagia. Nikasimama na ufagio mkononi nikiutazama ule mstari wa chaki, na ghafla nikasikia karani akiita hamsini na saba.

Nikaenda duka la dawa la jirani, kuna mizani ya umeme, nikapanda. Kilo sitini na nane. Nikarudi na nguo zilezile na ndala zilezile. Mizani ya kwanza: nikapanda, nikanyoosha mkono, nikasogeza jiwe taratibu mpaka rula ikatulia. Sitini na nane. Ya pili, sitini na nane. Ya tatu ilipungua nusu kilo, nikaisamehe. Ya nne, ile iliyokuwa chini ya tairi la mbele kushoto, ilisema sitini na nne. Nikashuka, nikapanda tena. Sitini na nne. Nikaligeuza lile jiwe. Chini yake lina kishimo kilichojazwa risasi ya kuyeyushwa, na juu ya risasi wamepaka rangi nyeusi. Jiwe likiwa zito kuliko linavyotakiwa, mizani inakula. Na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, ndivyo inavyokula zaidi. Kwangu ilikula kilo nne. Kwenye pembe ya gari ilikula kumi na sita, na sisi tukaikaza springi kuzitafuta kilo ambazo zilikuwepo.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Kwanza nilifurahi, maana mikono yangu ilikuwa mizima. Halafu furaha ikaondoka, na kilichobaki sikipendi hata kukikumbuka.

Sikumpigia mtu simu. Nilisubiri mpaka mume wangu aliporudi, nikampandisha yeye kwenye mizani zote nne, moja baada ya nyingine, bila kumwambia neno. Alipofika ya nne akasoma, akashuka, akapanda tena, kama nilivyofanya mimi. Akaligeuza jiwe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilipaswa kukuuliza wewe kabla ya kuuliza ukuta." Nilimwambia ndiyo, ulipaswa. Nilimsamehe siku hiyohiyo, au karibu. Yeye alidanganywa kama mimi.

Rafiki alikuja jioni, anajua ameitwa kwa chai. Nilimwomba apande kwenye ile ya nne. Akatazama mizani, akatazama jiwe nililokuwa nimeligeuza, na hakupanda. Nilitegemea ashangae. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, kumwonyesha risasi, kumpa nafasi ya kusema duh. Hakushangaa hata kidogo.

"Shemeji," akasema, "ile ni mizani ya kununulia."

"Ya kununulia?"

"Hizi tatu ni za kupakilia. Pamba ikienda kiwandani inapimwa kwa hizi. Ile ni ya kununulia kwa wakulima. Siku ile nilipakia harakaharaka, ikachanganyikana."

Aliyasema hivyohivyo, kama mtu anayekueleza tofauti ya spana kumi na spana kumi na mbili. Ina jina. Ina kazi yake, ina sehemu yake ghalani. Mume wangu akamuuliza alijua lini kwamba ndiyo iliyotumika. Akakuna kichwa. Alijua uwanjani. Alipoona gari linavyokwenda alikumbuka, na alipokaa mwenyewe kwenye siti akawa na uhakika.

"Na ukasema ni mikono yangu."

"Ningesemaje, shemeji? Mbele ya watu wote wale? Niseme ghala letu lina mizani ya namna hiyo? Pale kuna wakulima. Nina familia."

Sikiliza hesabu hiyo vizuri. Kati ya jina la ghala na jina langu, alichagua haraka, na hakuona kama amechagua. Jina langu lilikuwa pale karibu, halina mwenyewe, akalitumia kama mtu anavyookota kijiwe kuzuia mlango. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo sitayaandika. Aliomba radhi. Aliomba vizuri, mikono ameikutanisha, macho chini, na akamwaga na machozi kidogo. Tulikuwa watatu bandani, na mlango ulikuwa umefungwa.

Gari tulilipima upya wenyewe. Ile ya nne tukaiweka kando, mahali pake tukapanga mbao za urefu uleule, na zile tatu tukawa tunazihamisha mpaka kila pembe ikapata zamu yake. Kwenye siti yangu nikapakia madumu ya maji, nikiyapima moja moja mpaka yakafika kilo sitini na nane, nikayafunga mkanda. Rula zote nilizisoma mimi. Mume wangu alikaza, akalegeza, akauliza, "Sasa?" na mimi nikajibu. Tulimaliza jua likiwa bado juu.

Mashindano niliendesha mimi. Kona ya kulia pua ikaja, kona ya kushoto mkia ukakaa nyumbani kwake. Nilikuwa wa tatu, na waliokuwa mbele yangu wana injini kubwa kuliko yangu. Watu walinipongeza. Yule aliyenipa maji siku ile akaja kuniambia nimejitahidi, inaonekana nimefanya sana mazoezi, mikono imelainika. Rafiki wa mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alisikia. Akatazama viatu vyake.

Mama alikuja kunitembelea baada ya hapo. Magari hayamhusu, anayaita makelele. Lakini nilimwambia, "Mayu, njoo bandani kidogo," nikamwonyesha mizani. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikampandisha kwenye moja ya zile nzima, nikanyoosha mkono kumsogezea jiwe, akanishika kifundo cha mkono. Akalisogeza mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama anatunga uzi kwenye sindano. Sikuwahi kufikiri kwamba hakuwa amewahi kuligusa. Miaka yote ile ya pamba, mara zote zile mbele ya kamba. Alipomaliza akahamia ile ya nne, akasogeza tena, akasoma. Akasoma mara ya pili. Nikamweleza yote: risasi, gari, mikono, mizani ya kununulia.

"Na huyo bwana," akauliza, "amekuomba radhi?"

"Ameomba, mayu."

"Wapi?"

"Hapa hapa."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu."

Akashuka kwenye bamba. Akafuta mikono kwenye kitenge, akafunga tena fundo lake. "Mimi kijiji kizima kilikuwepo," akasema, akatoka kwenda kuota jua.

Sasa msimu wa pamba umekaribia na rafiki amepiga simu mara tatu. Zile nzima zilisharudi ghalani siku nyingi. Anaitaka ile ya nne. Ameomba aje kuichukua kimyakimya, wakati wowote nitakaopenda, hata mtu asimwone. Nimemwambia nyumbani simpi, nitaipakia kwenye pikapu ya kukodi Jumapili, niipeleke uwanjani. Aje aichukue pale saa nne asubuhi, watu wakiwepo, na kabla hajaishika awaambie ni mizani ya nini, na siku ile gari lilikuwa na nini. Amekata simu. Mume wangu amesema pengine hatakuja. Mama amesema yeye atakuwepo, na ameniomba nimtafutie kiti.